Wapenda muvi za kutisha: Blair Witch ya 2016 imeniangusha, au jicho langu la kamera ndilo limeharibika?

MpigaVideo_Uyole
Wakuu, habari zenu. Niko Mbeya, napiga video za harusi na sendofu, mwaka wa tisa huu. Juzi mvua ilishuka Uyole tangu saa kumi jioni, nikajifungia ndani na Blair Witch ya 2016. Nilikuwa na hamu nayo kwa sababu ile ya kwanza ya 1999, The Blair Witch Project, niliionea banda la video Mwanjelwa nikiwa kidato cha pili, na usiku ule nilirudi nyumbani mbio.

Hii nimeimaliza, nikazima taa, nikalala. Imeniuma kweli.

James anamtafuta dada yake Heather, yule aliyepotelea msituni Maryland, Marekani, kwenye ile ya kwanza. Anaingia na wenzake, kila mtu na kamera sikioni, na droni juu. Hapo ndipo waliponikera. Ile ya kwanza ilikuwa na kamera mbili tu: ya filamu ya milimita 16, nyeusi na nyeupe, na ya video ya kawaida. Mshikaji akigeukia kulia, kushoto huoni, na moyo wako wote uko kushoto. Hii inaruka kutoka sikio la huyu hadi la yule, kama ninavyounganisha picha za bibi harusi akiingia ukumbini. Na sauti! Mvua, upepo, mtu yuko mbali, lakini anasikika kama kavaa maiki. Mzee akitoa nasaha hatua kumi kutoka kwangu bila maiki ya kifuani, ninachopata ni feni ya ukumbi. Halafu kila saa mwenzao anawatokea kwa nyuma na kelele. Huko ni kushtua watu, kutisha ni kitu kingine.

Tatizo ni muvi au ni mimi? Kama kuna nyingine inayoheshimu kamera, nielekezeni.

MtuWaMafinga
Kamwene mkuu. Si wewe. Nimefanya kazi msitu wa Sao Hill miaka minne. Mipaina imepandwa kwa mistari, ukungu ukishuka mistari yote inakuwa mmoja. Siku moja nilitembea karibu nusu saa nikakuta alama za buti zangu mwenyewe kwenye tope. Hapakuwa na mnyama wala mchawi, lakini magoti yaliniisha nguvu. Ile ya 1999 waliujua woga huo: wanatembea kutwa nzima, wanajikuta kwenye gogo lile lile walilovukia. Hii mpya imeshindwa kusubiri, ikatuletea jitu la miguu mirefu.

Dada_Kihesa
Naongezea. Ile ya kwanza ilipigwa kwa siku nane, na waigizaji wenyewe ndio walioshika kamera. Waongozaji, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliwaachia maelekezo kwenye vikaratasi na kuwapunguzia chakula kila siku. Zile hasira unazoziona zina njaa ndani yake. Kaka, wewe tafuta REC ya Hispania, 2007. Mtangazaji na mpiga picha wake wanafungiwa ndani ya jengo Barcelona pamoja na wazima moto. Kamera ni moja tu, na anayeishika ni mtu wa kazi yako.

Kijana_wa_Tukuyu
Mimi ile ya 2016 naitetea kwa kitu kimoja: Lisa, mmoja wa wenzake James, akitambaa kwenye lile handaki jembamba. Pumzi zilinibana hadi nikakaa wima.

MpigaVideo_Uyole
Handaki nakubali. Pale kamera ni moja na hana pa kugeukia, ndiyo maana limefanya kazi.

Dada, REC nimeiangalia jana. Kumbe taa ya kamera ikivunjika wanabaki na uwezo wa kamera kuona gizani, na mtangazaji haoni chochote, anayeona ni mwenye kamera peke yake. Mimi nimewahi kuzimikiwa taa katikati ya ukumbi umeme umekatika, naijua ile hali ya watu wote kukusikiliza wewe uliye na jicho. Nilisimamisha hapo, nikawasha taa ya chumbani, ndipo nikaendelea. Ndaga sana.