Tupeane uzoefu: vipindi vya vitendo kwa watoto wanaosomea nyumbani, Dodoma na jirani

Mama wa Ilazo
Mbukwenyi wadau. Wangu wawili wanasomea nyumbani kwa sababu za kiafya, mmoja ni rika la darasa la tano, mwingine la saba. Hesabu na Kiswahili tunakwenda vizuri tu. Kinachonisumbua ni yale masomo ambayo ukimsomea mtoto kitabuni anaitikia "ndiyo mama", kesho yake hakuna kitu kichwani. Kwa hiyo mimi na jirani zangu tumeanza kuwakusanya Jumamosi, wanaosomea nyumbani pamoja na wa shule wanaotaka kujiunga. Naomba uzoefu wa mambo mliyoyafanya kweli, na mtoto awe ndiye aliyeshika kifaa, siyo mzazi anashika yeye anatazama.

Naanza na langu. Mvua za Desemba zilipokaribia tulitengeneza kipimo cha mvua. Chupa ya maji yenye kuta zilizonyooka, unakata shingo, unaigeuza iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo unamimina maji hadi pale chupa inaponyooka, unachora mstari wa sifuri hapo, kisha unabandika rula. Mpaka hapo ni mchezo tu. Utamu ulikuja tulipopima bati la nyumba. Eneo linalofunikwa na bati ni mita 8 kwa 7, yaani mita za mraba 56. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Siku kipimo kilisoma 10, mkubwa akapiga hesabu mwenyewe: lita 560, ndoo 28 za lita ishirini. Akatoka nje kutazama gata, akarudi amenuna: "Mama, zote zimeenda kwa jirani."

Dodoma kwa mwaka tunapata kama milimita 500 na kitu hadi 600. Sasa mtoto aliyejua kwamba bati lao linaweza kukinga zaidi ya lita elfu 25 halafu anaona baba yake ananunua maji ya boza, huyo hakupi raha. Gata imewekwa. Karibuni.

Fundi Kizota
Mama hongera. Mimi ni seremala, sina ualimu wowote. Ndugu yangu aliniomba nikae na wanawe likizo ya Juni, wakaongezeka wa mtaani. Nikaona nikiwapa kupiga msasa siku nzima watakimbia, tukatengeneza ilimba, ile ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba.

Boksi la mbao nyembamba, juu unapanga vyuma. Sisi tulitumia spoku za baiskeli, unaziweka juu ya reli au nondo nzito unazigonga kwa nyundo mpaka zilale bapa. Hapo acha mtoto agonge mwenyewe, kidole kitaumia kidogo, kitapona. Vyuma vinabanwa na kipande cha chuma katikati, kila kimoja unaweza kukivuta mbele au kukirudisha nyuma. Sikuwaambia kitu. Nikawaacha wachezee. Binti mmoja wa kama miaka kumi ndiye aliyetangulia kusema kirefu kinatoa sauti nene na kifupi sauti nyembamba, akaanza kuwapangia wenzake kwa kusikiliza. Ukiwaeleza mtetemo baada ya hapo wanakuelewa, kwa sababu chuma wamekiona kinatikisika.

Nikawatafutia na sauti ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki mpiga ilimba, kwenye simu, mtu wa mkoa huu huu, aliyefariki 2003. Wakauliza mbona ya kwake inavuma na yao inalia kavu. Wazee wa Kigogo kwenye tundu la boksi wanaweka utando wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo. Basi siku hiyo buibui wote wa karakana walipata taabu.

Mchunga wa Zamani
Haya mambo mnayaita vipindi, sisi tulichunga mbuzi na kuchimba chumvi na hatukulipia mtu.

Mama wa Ilazo
Mkuu, nakukubali. Ila wa kwangu mbuzi anamjua kwenye sahani. Nipe mbuzi nitakupa watoto.

Mgeni Nkuhungu
Samahani, kusomesha nyumbani kunaruhusiwa kweli? Naogopa mtendaji.

Mwalimu Mstaafu
Uliza vizuri mwanangu, usije ukapotosha watu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi aandikishe mtoto shule akifika umri na ahudhurie. Kama kuna ugonjwa au sababu nyingine, nenda kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata ulieleze jambo lako mapema. Haya ya Jumamosi hayamzuii mtu. Tena mtaala mpya ulioanza 2024 umeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, kwa hiyo mikono ya hao watoto haipotei bure.

Niwape langu. Niliwapeleka wajukuu na wenzao Kolo, mbele ya Kondoa mjini ukielekea Babati. Michoro ya miambani ya pale imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unapewa mtu wa kukuongoza. Kupanda ni kazi, beba maji. Watoto wanatarajia makubwa, wanakuta vijitu vyekundu vyembamba, vichwa vya ajabu, na wanyama. Wa kwangu mmoja akasema "hata mimi naweza". Nikamwambia haya, tutaona.

Nyumbani tukasaga udongo mwekundu, tukaupepeta kwa kitambaa. Fungu moja tukachanganya na maji, la pili mafuta ya kula, la tatu ute wa yai. Wakachora kwenye mawe, tukayaacha nje juani na mvuani. La maji liliondoka na mvua ya kwanza. La mafuta lilishika vumbi likawa uchafu mtupu. La yai lilikaa, ingawa nalo lilianza kubanduka kabla ya Pasaka. Yule aliyesema anaweza sasa anataka kujua wale wa zamani walichanganya nini, na mimi sikumjibu, nikamwambia aendelee kujaribu.

Na njiani msipite kimya. Makorongo mtakayoyaona Kondoa yana historia: mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Chukueni chupa mbili, mzilaze, moja mjaze udongo mtupu na nyingine udongo wenye majani yaliyoota, mwagieni maji sawasawa, mlinganishe rangi ya maji yanayotoka.

Zabibu Mpunguzi
Hapa kwetu ni zabibu, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Watoto walikausha trei mbili zenye uzito mmoja. Ya kwanza walizichovya kwenye maji ya moto na kutoa hapo hapo, ya pili wakaacha hivyo hivyo. Chandarua juu, maana nyuki hawana aibu. Kila jioni mzani na daftari. Zilizochovywa zilikauka haraka zaidi, kwa sababu zabibu ina nta juu ya ganda inayozuia maji kutoka. Mwishoni kilo nne zilibaki kama moja. Kijana wangu hapo hapo akapandisha bei mara nne, akasahau kuni na siku zote za kukesha na nyuki. Tukarudi kwenye daftari.

Mgeni Nkuhungu
Asante mwalimu, nitaenda kata. Mnawatoza kiasi gani? Na mnakaa na wangapi?

Fundi Kizota
Mimi nyundo ninazo tano, basi watoto ni watano. Wa sita anakuwa mtazamaji, na mtazamaji ndiye anayeanzisha fujo. Pesa wanachanga ya mbao na spoku tu.

Mama wa Ilazo
Hapo fundi tutabishana. Ukichangisha ya vifaa tu, mwezi wa tatu mwenye karakana anachoka na watoto wanabaki hewani. Mtu alipwe siku yake.

Fundi Kizota
Mama, ukilipa siku yangu nitaikubali, sijakataa. Nilikuwa najibu swali.

Alizeti Singida
Nimechelewa. Sisi tuliomba kwa mwenye mashine ya kukamua alizeti, watoto wakapima gunia kabla, kisha mafuta na mashudu baada. Jumla haikufika uzito wa gunia. Mmoja anasema ni unyevu uliopotea kwenye joto, mwingine anasema fundi wa mashine ametuibia. Wiki ijayo wanarudi na gunia jingine, na safari hii wanataka kufagia chini ya mashine wapime na hicho.