Mishipa ya damu ya sikio la ndani huharibika kabla ya usikivu kupotea, au baada yake?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum. Mpwa wangu wa miaka 8 alizaliwa akisikia, lakini usikivu wake hushuka ghafla, hurudi kidogo, kisha hushuka tena. Mwaka jana aliteleza gatini akagonga kichwa, na tangu siku hiyo mwenye punda humpigia "Simile!" mara tatu kichochoroni asigeuke mpaka aguswe bega. Picha za kichwa zilionyesha kwamba mfereji wa vestibuli, yaani njia nyembamba ya mfupani itokayo sikio la ndani, umepanuka, na daktari akataja kasoro ya kurithi katika jeni ya SLC26A4. Nimesoma kwamba panya wa maabara wenye kasoro ya jeni hiyo hiyo huonekana kapilari za sikio la ndani, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zimetanuka. Je, mishipa ndiyo inayoanza kuharibika, au inaharibiwa na jambo jingine? Nauliza kwa sababu bibi yake ameshaanza kumtafutia dawa ya kusafisha damu.

Mstaafu wa maabara, Malindi

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Jibu hutegemea jeni iliyoharibika.

Katika ukuta wa nje wa koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, kuna ukanda uliojaa kapilari, stria vaskularisi, ambao husukuma potasiamu ndani ya majimaji yanayogusa seli zenye vinyweleo, ambazo ndizo zinazopokea sauti, na kuyatia chaji ya umeme ya takriban milivolti 80 hadi 100. Chaji hiyo ikishuka, seli zaweza kuwa hai na bado zisisikie.

Panya aliyekosa pendrini, yaani protini inayotengenezwa na jeni uliyoitaja, hujaa majimaji sikioni tangu akiwa tumboni. Baadaye ukanda hupoteza mlango wa potasiamu uitwao KCNJ10, chaji haipatikani, na ndipo kapilari zinapoonekana zimetanuka huku makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza uchafu, zenye rangi nyeusi zikikusanyika. Mishipa hapo ni majeruhi. Mlinganishe na panya aliyekosa norrini, protini ambayo upungufu wake huleta ugonjwa wa Norrie, unaowapofusha wavulana tangu uchanga na kuwapunguzia usikivu baadaye: kwake mishipa ya ukanda huharibika mapema na kupotea kidogo kidogo, na seli zenye vinyweleo hufuata.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ambamo jeni ya pendrini iliwashwa na kuzimwa kwa dawa ya doksisaiklini, ulinishangaza kuliko yote. Panya alisikia vizuri ilimradi pendrini ilikuwepo kuanzia siku ya 16 na nusu ya mimba hadi siku ya 2 baada ya kuzaliwa, hata ikizimwa baada ya hapo. Na panya huanza kusikia akiwa na siku 12 hivi, kwa hiyo mambo huamuliwa kabla hajasikia chochote. Wale waliopata pendrini pungufu ndio wanaofanana na mpwa wako, kwani walisikia, usikivu ukapanda na kushuka, kisha ukapotea kadiri ukanda ulivyochakaa.

Muuguzi wa Shela

Naongeza machache, kaka. Vaughan Pendred, daktari wa Uingereza, alieleza mwaka 1896 habari za dada wawili viziwi wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, na hali hiyo hutokana na jeni hii hii. Mwombeni daktari ampime mtoto tezi ya shingo. Pigo la kichwa laweza kumshusha tena, basi michezo ya kugongana aiepuke. Dawa ya kusafisha damu haitengenezi protini iliyokosekana. Ikiwa siku moja vifaa vya kawaida vya kusikia havitamtosha, kipandikizi cha koklea hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa neva bila kuutegemea ukanda ule. Na wazazi wake wajue kwamba, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja yenye kasoro, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kurithi zote mbili.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Wazazi wake ni watoto wa ami, na mama ana mimba ya miezi mitano. Nitakwenda kuzungumza nao leo baada ya Isha. Bibi nitamwachia daktari amweleze mwenyewe, maana mimi hanisikilizi.