Hivi hizi kuki za kwenye saiti unatakiwa ukubali au ukatae? Na zinafutwaje kwenye simu?

binti_wa_tabata

Habari za saa hizi wadau, naomba kueleweshwa maana nimechoka. Kila saiti nikifungua siku hizi linatokea bango "tunatumia vidakuzi, kubali", ndio hizo kuki, na mimi huwa nabonyeza tu kubali nisome kilichonipeleka. Sasa wiki hii nilikua naangalia bei za friji kwenye duka moja la mtandaoni, sikununua wala sikuandika namba yangu popote, lakini toka hapo friji zinanifata kila ninapoenda, nikisoma habari za Simba na Yanga friji, nikitafuta mapishi friji, hadi Instagram nakutana na friji ile ile na bei yake. Wamejuaje ni mimi? Na nikifuta hizi kuki zote nitapoteza nini, maana kuna mtu kaniambia zinamaliza bando na mwingine kasema ni virusi. Natumia Chrome kwenye simu ya kawaida tu ya Android. Asanteni.

kibopa88

Tumia incognito dada, ile hali ya kuvinjari kwa siri, mchezo umeisha

fundi_wa_kodi

Mchezo haujaisha mkuu kibopa, incognito inafuta kuki ukifunga dirisha zote na Chrome humo ndani inazuia zile za nje, hapo sawa, ila ukishaingia kwenye akaunti yako humo humo incognito umejitambulisha mwenyewe, na mtandao unaotumia unaonekana kama kawaida.

Dada ngoja nikueleze taratibu, mimi kazi yangu ni kutengeneza saiti kwa hiyo haya madude nayaweka kwa mkono wangu. Kuanzia mwanzo web ilitengenezwa bila kumbukumbu, umefungua ukurasa seva (kompyuta ya wenye saiti) ikakupa, ukifungua wa pili inakuona mgeni kabisa, sasa hapo utawekaje vitu kwenye kapu la kununua? 1994 jamaa mmoja wa Netscape, kampuni ya brauza enzi hizo, anaitwa Lou Montulli ndio akaja na hii njia ya kuki, kwamba seva ikikujibu inakupa na kimaandishi kidogo brauza yako ikitunze, halafu kila ukirudi kwenye saiti hiyo brauza inakionesha. Ni kama kile kibati chenye namba unachopewa ukiacha begi mlangoni supamaketi, kibati chenyewe hakina kitu chako ndani, ni namba tu, mzigo uko kwao. Kuki moja kwa kawaida haizidi KB 4, sio programu na haiwezi kufanya kitu peke yake, kwa hiyo virusi sio na bando haili la maana.

Shida inaanzia hapa. Ukurasa mmoja unaouona wewe ndani yake umechanganywa vitu vya saiti nyingi, picha imetoka huku, tangazo kule, kitufe cha laiki kule kwingine. Kila mmoja kati ya hao anaweza kukuwekea kuki yake. Sasa kampuni ya matangazo ambayo kipande chake kipo kwenye duka la friji NA kwenye saiti ya mpira NA kwenye saiti ya mapishi, kote huko inasoma namba ile ile iliyokupa mwanzo. Jina lako haijui na wala haina haja nalo, inachojua ni kwamba namba fulani juzi ilikaa kwenye ukurasa wa friji ikaondoka bila kununua, basi inakuandama. Hizo ndio zinaitwa kuki za nje au vidakuzi vya washirika wengine, na ndio za kuzima. Za saiti yenyewe ziache, ndizo zinazokumbuka umeingia, umechagua lugha gani, kapuni kuna nini.

Kuzima kwenye Chrome ya simu: vidoti vitatu juu, setingi, setingi za tovuti, sehemu ya vidakuzi vya washirika wengine, chagua kuzuia. Dakika haiishi. Ukiona saiti fulani imegoma baada ya hapo, mfano video haifunguki au sehemu ya malipo inazunguka tu, iruhusu hiyo moja, usirudishe zote.

Instagram ni habari nyingine kidogo. Maduka mengi yanabandika kipande cha kodi (maelekezo ya programu) cha Meta, wenye Facebook na Instagram, sisi tunaita piseli, kinawapa taarifa kwamba kuna mtu kaangalia bidhaa hii. Kama Facebook umeingia kwenye brauza hiyo hiyo au link ya duka uliibonyezea humo humo Instagram, kukuunganisha wewe na friji ni kazi ndogo. Hiyo unaizimia ndani ya app yao: kituo cha akaunti, taarifa na ruhusa zako, kuna sehemu ya shughuli zako nje ya Meta, futa zilizopita na uwaambie wasiunganishe zijazo. Na app za simu kwa ujumla hazitegemei kuki, Android ina kitambulisho chake cha matangazo, ingia setingi za simu, faragha, matangazo, ukifute.

mzaramo_berlin

Fundi kamaliza upande wa ufundi, mi niongezee upande wa bango maana huku Ujerumani ndio chakula chetu cha kila siku.

Hayo mabango chanzo chake ni sheria za Umoja wa Ulaya. Ile ya 2002 ikarekebishwa 2009 ikasema kabla ya kumuwekea mtu kuki isiyo ya lazima umuombe ruhusa, halafu GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa za watu, ilivyoanza Mei 2018 ruhusa yenyewe ikapewa masharti makali. Kulikuwa na kampuni ya michezo ya bahati nasibu huku inaitwa Planet49, wao walikua wanakuwekea kiboksi kimeshatikiwa tayari, ukipitiliza umekubali, mahakama ya Ulaya Oktoba 2019 ikasema hiyo sio ruhusa, mtu atiki mwenyewe. Wajanja wakahamia kwenye mtindo mwingine, KUBALI ni kitufe kikubwa cha kijani na kukataa ukakutafute ndani ndani huko bonyeza mara tano. Wafaransa wakachoka, Januari 2022 mamlaka yao ya kulinda taarifa za watu, CNIL, ikawapiga Google faini ya yuro milioni 150 na Facebook milioni 60, kosa lenyewe ni hilo tu, kwamba kukubali ni mbonyezo mmoja na kukataa ni safari. Ndio maana sa hivi saiti nyingi za huku utakuta kukataa kupo pale pale.

Ila usifikiri wamekaa kimya, magazeti mengi ya huku sasa hivi yanakwambia kubali kufatiliwa au lipia kila mwezi usome bila kufatiliwa. Mi naona huo ni uhuni uliovaa tai, lakini wapo wanaosema waandishi watakula nini.

Kwa hiyo dada jibu la swali lako la kwanza, kataa. Ukikataa zile za lazima zinabaki na saiti inafanya kazi vizuri tu. Usiogope kile kitufe.

shazi254

Wacha niulize pia mimi, huku Kenya tuko na sheria ya data ya 2019 na nadhani nyinyi TZ pia mko na yenu, sasa hizi saiti za kwetu mbona zingine haziulizi kitu na zingine zinauliza?

Alafu swali ya pili, mimi hutumia sana kompyuta za saiba, za kuprint na kujaza fomu za serikali, hizo kuki zangu si zinabaki pale? Nikimaliza mimi huwa nafunga tu dirisha naenda.

fundi_wa_kodi

@shazi254 sheria ya kwetu TZ ni ya 2022 imeanza kazi Mei 2023. Zote mbili zinataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa na za kazi gani, ila kiukweli wenye saiti wengi huku bango wanaliweka kwa sababu ya wageni wa Ulaya au limekuja na template (saiti iliyotengenezwa tayari) waliyonunua. Nimeshaona saiti bango lipo la mapambo tu, unabonyeza kataa na kuki zilishawekwa kabla hata bango halijatokea. Ukiwa na kompyuta unaweza kuhakiki mwenyewe, bonyeza kitufe cha F12 kwenye Chrome, nenda Application, fungua Cookies upande wa kushoto, utaona kila saiti imekuwekea nini na inaisha muda lini.

Ya saiba ndio swali la maana kuliko yote kwenye huu uzi. Kufunga dirisha hakutoshi kabisa. Ukiingia kwenye akaunti, seva inakupa kuki inayosema huyu tumeshamhakiki, mwenye kuki hiyo haulizwi neno la siri wala ile namba ya kuthibitisha ya SMS. Anayekalia kile kiti baada yako akifungua email yuko ndani. Lazima utoke kwenye akaunti, yaani ubonyeze kutoka kabisa, maana hapo seva yenyewe kwa kawaida inaifuta ile ruhusa. Na kama saiba wanakuruhusu fungua incognito toka mwanzo, hapa ndio ushauri wa kibopa unafaa.

kibopa88

Si nilisema 😂

mchawi_wa_seva

Naomba nipingane na fundi kidogo. Umemwambia dada azime za nje aache za saiti yenyewe kana kwamba za saiti yenyewe zote ni malaika. Hebu fungua hiyo F12 kwenye saiti yoyote ya habari ya hapa kwetu uone, utakutana na kuki inaitwa _ga, hiyo ni ya Google Analytics ya kuhesabu wageni, na mara nyingi _fbp, ambayo ndio ya hiyo piseli ya Meta. Hizo zote zinawekwa kwa jina la saiti yenyewe uliyofungua, kwa hiyo ukizima za nje zenyewe hazina habari. _ga kwa setingi ya kawaida imewekwa ikae miaka miwili, japo Chrome sa hivi hairuhusu kuki kuzidi siku 400.

Dawa ni brauza inayozuia hivyo vipande vya kodi vyenyewe visifike. Brauza ya Safari ya iPhone inazuia kuki za nje zote toka 2020, Firefox toka 2022 ikaanza kutenga kuki kila saiti na zake hata wa nje hawezi kuunganisha. Chrome wao waliahidi Januari 2020 kwamba ndani ya miaka miwili wataziondoa, wakasogeza, wakasogeza tena, Julai 2024 wakageuka, na Aprili 2025 wakasema zinabaki kama zilivyo, mtumiaji ajizimie mwenyewe. Sishangai, kampuni inayokula kwa matangazo haiwezi kukata tawi ililokalia.

Kwa Android mi namshauri aweke Firefox, aingie setingi za ulinzi dhidi ya kufatiliwa achague Strict, halafu aongeze uBlock Origin, nyongeza ya kuzuia matangazo, Firefox ya simu inaikubali. Na matangazo yakipungua bando nalo linapona kweli, maana picha na video za matangazo ndio zinakula.

fundi_wa_kodi

Upo sahihi kuhusu _ga, nilimpa iliyo rahisi kwanza. Ila tofautisha, _ga ya saiti moja haiwezi kwenda kusomwa kwenye saiti nyingine, kwa hiyo friji kumfata mtu kutoka dukani hadi kwenye mapishi hiyo sio kazi yake. Kuhusu Firefox sina ubishi.

binti_wa_tabata

Jamani mmenisaidia sana, nimezima zile za nje na kule Instagram nimefuta, nimekuta orodha ya maduka hadi nimeogopa. Sasa mbona nilifuta kuki zote jana usiku na leo mabango yote yamerudi hata kwa saiti nilizokua nimeshakataa? Na imenitoa kila mahali.

mzaramo_berlin

Hahaha hiyo ni kawaida, hata kukataa kwako kunatunzwa kwenye kuki. Ukifuta zote umefuta na lile jibu lako, wanaanza kukuuliza upya kama hamjawahi kuonana.

mchawi_wa_seva

Ndio maana kufuta zote kila siku sio mpango. Futa ya saiti moja moja inayokukera, ukiwa kwenye saiti hiyo bonyeza alama iliyo pembeni ya anwani pale juu, utaona vidakuzi na data za tovuti, futa hapo. Na ukiwa kwenye ile sehemu ya kufuta data zote angalia viboksi vizuri, cha vidakuzi ni kimoja na cha picha na faili zilizohifadhiwa ni kingine, hicho cha pili ukikifuta simu itaanza kushusha upya picha za kila saiti, hapo ndio bando linaenda. Nadhani aliyekwambia kuki zinamaliza bando kachanganya hapo.

shazi254

Na kama mtu ameshaiba hiyo kuki ya akaunti, nikifuta kwa simu yangu si inakufa?

fundi_wa_kodi

Hapana, haifi. Wewe unafuta nakala yako, yeye anabaki na yake. Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, watu wa teknolojia kabisa wale wa Kanada, ilitekwa hivyo hivyo, mfanyakazi kafungua faili lililokuja kama PDF ya udhamini kumbe lina programu ya kuiba kuki za brauza, wezi wakaingia bila kuulizwa neno la siri wala namba ya kuthibitisha. Kinachoua ni kwenda kwenye usalama wa akaunti, kwenye orodha ya vifaa, utoe vyote kisha ubadili neno la siri.

binti_wa_tabata

Nimeingia hapo kwenye vifaa vya Google sasa hivi, kuna simu yangu na kuna kompyuta ya Windows. Mimi sina kompyuta. Labda ya stationery ninapochapishia CV??

fundi_wa_kodi

Inawezekana, ila usianze kuwaza ya nani, itoe kwanza. Halafu badili neno la siri ukiwa kwenye simu yako, na uangalie kama kuna namba au email ya kurejesha akaunti ambayo huitambui.