Re: Mdogo wangu nesi, asome lugha gani kabla ya kutoka?

Wadau shikamooni wakubwa, wengine mambo. Mdogo wangu kamaliza diploma ya unesi anataka kutoka aende kufanya kazi nje ya nchi, sasa huku Tabata kila mtu ana ushauri wake, mmoja anamwambia Kichina maana kinaongewa na watu zaidi ya bilioni, mwingine Kihispania eti kinatembea nchi kama 20. Hela ya kozi ni moja tu, ikipotea imepotea. Mlioko huko mnasemaje?
Mama Junior

---
Marahaba Mama Junior. Hiyo ya wingi wa watu achaneni nayo. Kichina wanaongea wengi kweli ila karibu wote wako kwao. Kijerumani hakifiki hata robo yao lakini hospitali na nyumba za wazee huku Ujerumani zinalia hazina watu. Nesi mwenye cheti tayari kwa kawaida wanamtaka awe na Kijerumani cha ngazi ya B2, anayekuja kusomea unesi hukuhuku mara nyingi B1, ngazi moja chini yake. Goethe-Institut, wanaofundisha Kijerumani, ipo hapo Dar, na mtihani wao wa B1 na B2 una vipande vinne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, akifeli kimoja anarudia hichohicho. Ila ajiandae, bibi wa huku jimbo la Saxony akianza kuongea kilugha chake bila meno, cheti anakiweka mfukoni anaanza upya.
Leipzig

---
Msikidharau Kichina jamani, mi nipo Kariakoo. Kule Guangzhou, China, bei unaulizia kwa kalkuleta na simu inakutafsiria, sawa, lakini mzigo ukija pungufu au rangi siyo uliyoagiza ndo utajua umuhimu wa kujieleza. Vijana waliosoma Kichina Taasisi ya Confucius pale UDSM wanapiga hela ya ukalimani. Kwa nesi lakini naungana na Leipzig.

---
Nyongeza toka Kanada. Huku anayeomba kuhamia anapimwa kwa pointi, na Kifaransa kina pointi za ziada, tena tangu 2023 wanaokijua wanaalikwa kwenye raundi zao wenyewe, mara nyingi kwa pointi za chini kuliko wengine. Kiingereza asikiache, waliojifunza ni wengi kuliko waliozaliwa nacho na kila mlango wanakiulizia, ila asikimbilie IELTS, mtihani wa Kiingereza, mapema, matokeo yanadumu miaka 2 tu, yanaweza kuisha kabla hata faili halijasogea. Mama Junior, ana umri gani? Huku ukivuka 29 pointi za umri zinaanza kupungua.