Naomba ushauri: ng'ombe wa wizi wakivukishwa mpaka wa Sirari, tudai vipi upande wa pili?

Wadau habari za kazi, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa niaba ya wafugaji wa Tarime.

Ng'ombe saba wametolewa zizini usiku na kupitishwa njia za panya kuelekea Kuria, Kenya. Wizi huu una mtandao: kuna anayelenga zizi, wa kuswaga, na mpokeaji mwenye gari. Hereni za kielektroniki za utambulisho, zinazovalishwa masikioni, hukatwa palepale; mbili tumeziokota vichakani zikiwa na kipande cha sikio. Kilichobaki kuwatambulisha ni chapa ya moto pajani, na hiyo nayo hugeuzwa kwa kuchomewa herufi juu yake.

Sungusungu walifuata nyayo hadi kwenye jiwe la mpaka wakasimama, sawa kabisa, maana kuvuka na mikuki ni kutafuta vita vya koo. Tumefungua RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi), tuna barua ya mtendaji, picha za chapa na namba za hereni. Wazee wa iritongo (baraza la jadi la Wakuria) wa pande zote mbili wamezungumza, na tumeambiwa ng'ombe wawili wameonekana kwenye boma moja ng'ambo. Wasiwasi wetu ni muda, kwani wakifika machinjioni ushahidi umekwisha.

Maswali yangu:
Je, RB ya Tanzania inatosha polisi wa Kenya kuwazuia ng'ombe hao, au mwenye mali lazima aandikishe OB (taarifa kwenye kitabu cha matukio cha polisi wa Kenya) huko mwenyewe?
Na wakikamatwa kama vielelezo, nani huwalisha hadi kesi iishe, au mahakama hukubali picha mwenye mali akabidhiwe mapema?

Aliyewahi kufuatilia kesi ya namna hii atusaidie, tafadhali.