Bunge la Georgia: sheria za kuwabana raia hupita kwa haraka, za kuwabana polisi hupigwa danadana

Wakuu, hili limenikaba kooni. Nazungumzia Georgia ya Caucasus, si jimbo la Marekani.

Juni 2022 Umoja wa Ulaya uliipa nchi ile masharti 12 kabla ya kupewa hadhi ya mgombea uanachama. Sharti mojawapo lilikuwa wazi kabisa: ile idara maalumu inayochunguza maofisa wa vyombo vya dola wanaoonea raia ipewe fedha, ipewe watu, iachwe huru. Hapakuwa na ugumu wowote hapo. Bunge lilikuwa mikononi mwa chama tawala cha Georgian Dream, kura wanazo. Desemba 2023 hadhi wakaipata, yakiwa yamebaki masharti tisa. Wakayakalia. Mei 2024 walichokimbilia kupitisha ni sheria ya "mawakala wa kigeni", inayoyabana mashirika na vyombo vya habari vinavyopata fedha kutoka nje, tena kwa kuipindua kura ya turufu ya Rais.

Novemba 28, 2024, Waziri Mkuu Irakli Kobakhidze akatangaza kwamba mazungumzo ya kujiunga hayatawekwa mezani hadi mwisho wa 2028. Ibara ya 78 ya Katiba yao inavitaka vyombo vyote vya dola vifanye kila viwezalo ili nchi iingie Umoja wa Ulaya! Watu wakajaa barabara ya Rustaveli, mbele ya Bunge, katika mji mkuu Tbilisi. Wakajibiwa kwa maji ya kuwasha, mabomu ya machozi na kipigo. Polisi wamefunika nyuso, hawana namba wala jina kifuani. Utamshtaki nani? Mtetezi wa haki wa serikali yenyewe, Levan Ioseliani, alipowatembelea waliokamatwa alikuta wengi wamejeruhiwa usoni na kichwani, akasema hadharani kwamba huo ni utesaji.

Bunge lingekuwa na haya lingewaita wakubwa wa polisi siku hiyohiyo wajieleze. Wapinzani walikuwa wamesusia viti vyao kupinga uchaguzi wa Oktoba, kwa hiyo ukumbi ulibaki wa chama kimoja. Desemba hiyohiyo wakapitisha mbio mbio marufuku ya waandamanaji kufunika nyuso, na faini ya kuziba barabara ikapandishwa hadi lari (fedha yao) 5,000. Raia ndiye aliyeamriwa aoneshe uso. Halafu 2025, ile idara ya kuchunguza maofisa wakaifuta kabisa, kazi yake ikahamishiwa kwa waendesha mashtaka, walewale wanaowapeleka waandamanaji mahakamani.

Mjadala wa kweli kuhusu vipigo hivi umefanyika Strasbourg, kwenye Bunge la Ulaya. Wenye Bunge lao Tbilisi hawakuwa na wa kuwasemea. Sisi tulioshuhudia Juni 25, 2024 nje ya Bunge la Nairobi tunajua hali hiyo ikoje, mwenye mwili ulioumia anaambiwa yeye ndiye mhalifu.

Mzia Amaglobeli, mwandishi wa habari, alimzaba kofi mkuu wa polisi wa mji wa Batumi Januari 2025. Kofi moja. Mashtaka ya awali yalibeba miaka minne hadi saba, na Agosti akafungwa miwili. Kumbe mahakama zile zikitaka kwenda haraka zinaweza.

Sasa nauliza, na msinijibu kwa propaganda. Mwenye kumjua polisi hata mmoja aliyefungwa kwa vipigo vya Novemba na Desemba 2024 aweke hapa jina lake, mahakama na tarehe ya hukumu.