MREJESHO: Mtihani wa uhudumu wa dharura, Moshi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Miezi mitatu iliyopita niliuliza hapa: nimefeli mtihani wa cheti cha uhudumu wa gari la wagonjwa, nijisomee au nitafute tuisheni?

Nilifuata ushauri wa kutafuta mtu aliye kazini. Nikampata dada mmoja, muuguzi wa dharura, tukawa tunakutana Jumamosi sebuleni kwake Majengo. Siku ya kwanza alifunga daftari langu, akaweka mto wa kochi sakafuni, akaniambia nikandamize kama kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, huku yeye akihesabu kwa saa ya simu. Nilikwenda 140 kwa dakika! Inatakiwa 100 hadi 120, kina sentimita 5 hadi 6, na kila mara uache kifua kirudi juu. Mikandamizo 30, kisha unampulizia pumzi 2. Viganja viliuma wiki nzima, lakini mwili umeshika.

Nimerudia mtihani: vitendo nimepita vyote. Nadharia nimekwama sehemu ya uzazi na watoto wachanga, nairudia.

Kukariri maswali ya nyuma hakukunisaidia. Yalikuja kwa visa: umemkuta dereva wa bodaboda kalala barabarani, unaanza na nini? Usalama wa eneo kwanza, kabla hujamgusa.

Aliyenishauri nitamke kila hatua kwa sauti mbele ya msahihishaji, Mungu akubariki sana. Dada amekubali tuendelee Jumamosi hii, safari hii na mwanasesere wa binti yake.